Kapiteni Joubert: Askari Aliyechagua Kukaa Kwetu



Katika kitabu hiki kidogo cha Yubile tumekumbuka wamisionari, wakatekista wa kwanza, na wazee waliochoma matofali ya kanisa letu. Hatutaki kufunga kurasa hizi pasipo kumtaja mtu mmoja ambaye hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mlei kama sisi, mwenye mke na watoto; tena alikuwa askari. Jina lake ni Ludovic Joubert, na habari zake zinasimuliwa kwa jina la Kapiteni Joubert.

Tumemchagua kwa sababu moja. Katika parokia yetu wako wazee waliotumikia jeshi miaka mingi, na siku ya kuvua nguo za kiaskari wamejiuliza: sasa tutakaa wapi? Turudi katika kijiji cha baba, ambako watu hawatujui tena? Ao tubaki pale tulipowekwa mara ya mwisho, ambako watoto wetu wamezaliwa? Wako pia vijana walioweka silaha chini baada ya vita vya miaka hii katika inchi ya Tanganyika. Shida yao ni kubwa kuliko ya wazee, maana pengine kijiji chao wenyewe kinawaogopa. Swali hilo lilimfikia Kapiteni Joubert mara mbili. Mara ya kwanza alijibu kama watu wengi wanavyojibu. Mara ya pili alijibu namna nyingine, na matunda ya jibu hilo tumeyaona kwa macho yetu wenyewe.

1. Askari wa Baba Mtakatifu

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, upande wa magharibi wa Ufaransa. Alipokuwa na miaka 18, inchi ambazo Papa Pius wa 9 alizitawala katika Italia zilishambuliwa. Vijana wengi wakatoliki wa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi walikwenda Roma kusudi wamlinde Papa, na kwa ajili ya mavazi yao waliitwa wazuavu. Joubert alikuwa mmoja wa wale wa kwanza. Tarehe 18 Septemba 1860 alikuwa katika vita vya Castelfidardo, ambapo upande wa Papa ulishindwa. Katika Novemba 1867, huko Mentana, upande huo ulishinda. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yaliingia Roma, na Papa akaamuru bendera nyeupe ipandishwe kusudi damu isimwagike bure. Jeshi la wazuavu likavunjwa.

Joubert alikuwa na miaka 28. Alikuwa ametoa miaka 10 ya ujana wake kwa ajili ya jeshi ambalo halikuwako tena. Kwa nafsi ya askari hilo si jambo dogo. Mtu aliyepumzishwa kwa heshima anaweza kutazama nyuma kwa furaha. Mtu ambaye jeshi lake limetoweka hana hata pahali pa kusalimia bendera. Akafanya lile linalofanywa na wengi: akarudi kwao Saint-Herblon, akakaa huko karibu miaka 10. Hilo ndilo jibu lake la kwanza.

2. Mwito wa Kardinali Lavigerie

Wakati huo Askofu wa Alger, Charles Lavigerie, aliyefanywa kardinali katika mwaka 1882, alikuwa ameunda shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Msafara wao wa kwanza uliondoka katika mwaka 1878, ukafika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Njia ya kutoka pwani ilikuwa ndefu na ya hatari, na kandokando ya ziwa letu biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu vijiji. Lavigerie akaona ni lazima misafara ifuatane na walei wenye kujua silaha. Akawatafuta wazuavu wa zamani, na katika mwaka 1880 Joubert alijitoa, akasafiri pamoja na msafara wa tatu.

Hatari hiyo haikuwa ya maneno tu. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, katika inchi ya Burundi, waliuawa Padri Deniaud, Padri Augier na mlei mmoja, d'Hoop, ambaye naye alikuwa mzuavu wa zamani. Joubert aliijua habari hiyo, na hata hivyo akaendelea na utumishi wake ziwani.

Katika mwaka 1885 mambo yalibadilika. Baada ya mkutano wa Berlin, mwambao wetu wa magharibi ulihesabiwa kuwa wa Dola la Kongo la Mfalme Leopold wa 2. Vituo viwili vya wabelgiji, Karema ngambo ya mashariki na Mpala kwetu, vilikabiziwa Mapadri Weupe. Lavigerie alifikiri kwamba panaweza kusimama hapa utawala wa kikristu, wenye mkuu mlei wa kulinda watu. Akamtuma Joubert tena katika 1886, na mwezi wa Machi 1887 Kapiteni akafika Mpala.

Ni haki tuseme ukweli wote, kwa maana Yubile si siku ya kuficha mambo. Mpala haikuwa inchi tupu iliyongojea mgeni. Kituo hicho kilijengwa katika mwaka 1883 na ofisa mbelgiji, Émile Storms. Huyo alipiga vita na Sultani Lusinga wa Marungu. Katika Desemba 1884 Lusinga aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Joubert alikuja pahali ambapo kidonda hicho kilikuwa bado kibichi. Yeye naye alitawala akiwa mgeni mwenye bunduki, akaamua mashauri ya watu ambao hawakumchagua. Wajukuu wa masultani wana haki ya kuyakumbuka hayo, nasi hatutaki kumgeuza Kapiteni kuwa malaika.

3. Ndoa na vita

Katika mwaka 1888 Kapiteni alifanya tendo ambalo maofisa wengi wa Ulaya wa zamani zile hawakulifanya. Wengi walichukua wanawake wa inchi kwa siri, na siku ya kurudi kwao wakawaacha pamoja na watoto. Joubert alifunga ndoa ya kikristu, mbele ya altare na mbele ya watu wote, na binti wa inchi hii, Agnes Atakao. Akajenga makao yake Mrumbi, katika eneo la Mpala, akayaita Saint-Louis. Huko alikusanya watu waliotaka ulinzi, akafundisha vijana wenyeji kushika silaha na kulinda vijiji.

Vita vilifika upesi. Misafara ya watumwa ya upande wa Ujiji, chini ya Mohammed bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, ilizidi kukaza mwambao. Huko Ulaya, Kardinali Lavigerie alizunguka katika mwaka 1888, akihubiri Paris, London na Bruxelles juu ya ubaya wa utumwa. Katika Ubelgiji watu walitoa feza, wakatuma misafara ya kumsaidia Joubert. Mwishoni mwa 1891 alifika Kapiteni Jacques, akajenga kituo cha Albertville, na jina hilo ndilo mji wetu wa Kalemie ulilichukua mpaka mwaka 1966. Basi sisi wakaaji wa Kalemie tukumbuke: jina la kwanza la mji wetu lilitokana na msaada ulioletwa kwa mzuavu huyo na watu wake.

Mwanzoni mwa 1894 nguvu ya Rumaliza ilivunjwa na majeshi ya Dola. Mwambao ukatulia.

4. Swali lile lile mara ya pili

Tufike sasa penye moyo wa habari yetu. Katika mwaka 1894 Joubert alikuwa na miaka 52. Kardinali Lavigerie, aliyemtuma, alikuwa amekufa katika Novemba 1892. Adui aliyetumwa kumzuia alikuwa ameshindwa. Utawala ulikuwa sasa mikononi mwa maofisa wa Dola, na ule mpango wa utawala wa kikristu haukuwa na nafasi tena. Aliyemtuma hayupo, kazi imekwisha, madaraka yamekwenda kwa wengine: ni nini kilichomzuia asirudi Ufaransa? Hakuna mtu angemlaumu. Saint-Herblon ilikuwa kijiji cha baba yake.

Hakurudi. Alibaki Mrumbi pamoja na Agnes na watoto wao, bila vita. Katika mwaka 1893 Padri Victor Roelens alikuwa amejenga misioni ya Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, na miaka michache baadaye akawa askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu. Katika mwaka 1910 Kapiteni alihama, akakaa Misembe karibu na Moba, si mbali na misioni hiyo. Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho: kutoka ngome mpaka karibu na kanisa. Alikufa huko tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Tufanye hesabu kidogo. Alishika bunduki ya Papa miaka 10. Kutoka msafara wa 1880 mpaka vita vilipokwisha katika 1894 ni miaka 14. Jumla ni miaka 24. Kisha alikaa kwetu miaka 33, hali hana tena vita vya kupigana. Sehemu ya maisha yake inayoandikwa sana ni ile fupi. Ile ndefu ni ya mume, baba na jirani, na katika miaka hiyo majirani waliweza kujua kama mgeni aliyekuja na silaha alikuwa amewapenda watu ao aliipenda amri tu.

Tunaona kwamba askari akitafuta pahali pa kupumzika, mara nyingi anauliza kwanza habari za udongo, za maji, za bei ya kiwanja. Maswali hayo ni ya akili. Lakini Joubert alikuwa na udongo katika Ufaransa. Kwetu alikuwa na watu. Kurudi kungekuwa ama kumng'oa Agnes katika inchi yake, ama kumwacha. Ndoa aliyoifunga katika 1888 ilikuwa imejibu swali la 1894 kabla halijaulizwa. Ndiyo maana tunasema kwa ndugu zetu askari: mtu hachagui makao yake siku ya kupewa barua ya mapumziko. Ameyachagua zamani, kwa namna alivyowatendea watu wa pale alipowekwa. Yule aliyenyanyasa wenyeji hatapata kwao hata kivuli cha mti. Yule aliyewaheshimu atakuta kiti kimewekwa.

5. Matunda

Mti unajulikana kwa matunda yake. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Monsinyori Roelens alimpadrisha Stefano Kaoze, mwana wa inchi hii, padri wa kwanza mkongomani wa nyakati zetu. Kapiteni mzee alikuwa akiishi karibu; aliliona kanisa alilolilinda likianza kuzaa mapadri wake lenyewe.

Na nyumba yake mwenyewe ilitoa padri. Mwana wake Albert, aliyezaliwa Mrumbi katika mwaka 1908, alipewa upadri katika mwaka 1935. Hakuwa mgeni kwetu. Mama yake ni Agnes Atakao, naye alitumika kati ya watu wa ziwa. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Padri Albert aliuawa huko Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku ile ile, huko Baraka, waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Wale watatu walikuwa wamisionari waitaliano wa shirika la Waksaveri. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Angalieni, ndugu, njia ya jamaa hiyo. Baba alitumwa ziwani na silaha, awalinde wamisionari wasiuawe. Mwana alikutwa ziwani bila silaha, akauawa pamoja na wamisionari. Kile ambacho baba alijaribu kukizuia kwa bunduki, mwana alikipokea kwa imani. Hatusemi kwamba baba alikosa. Zamani zile watoto waliofungwa minyororo walihitaji mlinzi. Lakini Kanisa halikumtangaza Mwenye Heri yule kapiteni. Lilimtangaza mwana wa nyumba ile iliyojengwa baada ya kapiteni kukubali kukaa. Kama Joubert angalirudi Saint-Herblon katika 1894, Albert hangalizaliwa Mrumbi.

Basi katika Yubile hii tuwaombee askari wetu wazee, wapate makao ya amani na majirani wema. Tuwaombee vijana walioacha pori, kusudi wasirudi huko kwa kukosa pahali pa kuketi. Na sisi tulio na nyumba, tuwafungulie mlango, tuwape jembe na nafasi katika jumuiya zetu, kwa maana hatujui ni Albert gani atakayezaliwa chini ya paa ya mtu ambaye leo tunamwogopa.

Mwenye Heri Albert Joubert, mwana wa ziwa letu, utuombee.