Dakta Krapf na Kaburi la Mkomani

Mwaka jana wakati wa masika niliacha kwenda kwenye maombi ya asubuhi ya Chama cha Wakristo hapa shuleni. Maombi huanza saa kumi na mbili na nusu, na mimi ni mwanafunzi wa kutwa, natembea kutoka Kisauni. Matope yalikuwa mengi. Nilijiambia ya kwamba hata chini ya blanketi Mungu yupo. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa muhula. Kisha mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili akaniagiza kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Nilimchagua Krapf kwa uvivu tu, maana kaburi la mkewe liko Mkomani, si mbali na kwetu. Kumbe nilikuwa nimejitafutia taabu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Alisoma thiolojia, akahudumu kidogo kwao kama mchungaji msaidizi, na angeliweza kuzeeka huko akila mkate wake kwa amani. Badala yake alijiunga na chama cha wamisionari cha Waingereza, CMS, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia. Alikaa huko miaka mitano hivi, mlango ukafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Walipojaribu kurudi Ethiopia, binti yao wa kwanza alizaliwa njiani, nyikani, akafa.

Mtu mwingine angesema basi, yatosha. Wao walipanda jahazi kuja pwani yetu. Mwanzoni mwa mwaka 1844 walifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, ingawa alijua kwamba mgeni huyu amekuja kuhubiri dini nyingine. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa.

Hapo ndipo penye uzito. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili, na Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu kabla. Krapf alikuwa amelala hoi chumba hicho hicho. Rosine alipokata roho tarehe 13 Julai, mumewe aliinuka kwa shida kubwa ili ahakikishe kwamba kweli amefariki. Baada ya siku chache mtoto naye akafuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara.

Nilipofika hapa kwenye kazi yangu niliweka kalamu chini. Nilimkasirikia Krapf, nisifiche. Mtu akijinyima raha yake kwa ajili ya Mungu, vyema, lakini je, ana ruhusa ya kumnyima mkewe na wanawe wawili? Nilimuuliza mama yangu nyumbani. Mama hakunijibu moja kwa moja, alisema tu, Yule mama naye alitaka nini? Nikarudi kusoma. Nikaona ya kwamba ni Rosine mwenyewe aliyetaka azikwe bara, kando ya njia wanayopita Wanyika, yaani hawa tunaowaita leo Wamijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kilichomleta. Kwa hiyo hakuwa mzigo uliobebwa na mumewe. Alikuwa na nia yake. Hata hivyo yule mchanga hakuulizwa na mtu, na hilo mpaka sasa linanisumbua.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake London. Hakuomba kurudishwa. Aliwaambia ya kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika, na hiyo ni dalili kuwa kazi imeanza.

Sisi wanachama wa Kiswahili tuna deni naye pia. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na unajua nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhedin! Rafiki yangu mmoja Mwislamu aliposikia hivyo alicheka sana, akasema basi nusu ya sifa ni yetu. Sikuwa na la kumjibu. Mwaka 1850 Krapf alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wakati wenyeji walikuwa wameandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na wako wanaomlaumu kwa hilo. Nadhani wana haki ya kulaumu.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfikia, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai. Wote wawili walikuwa na homa, punda alikuwa mmoja, na njia ni ya kupanda. Watu walioamini walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa kiwete aitwaye Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Hebu fikiri, miaka yote ile!

Safari zake za Ukambani ndizo zinazofahamika zaidi. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui, na mabingwa wa Ulaya wakabisha kwamba hapawezi kuwa na theluji karibu na ikweta. Mwaka 1851 alirudi. Karibu na mto Tana mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, akauawa na wavamizi. Krapf akabaki peke yake porini. Alipofika mtoni alijaza maji katika mkoba wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Bunduki ya kubebea maji! Ndivyo alivyopona.

Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ujerumani. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, akatoka akiwa kipofu. Krapf alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akarudi Korntal, akaendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Hakuiona ikichapishwa, maana ilitoka mwaka 1882. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Jumamosi iliyopita nilipita Mkomani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilisoma jina la Rosine juu ya jiwe, nikatazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji, nikaenda zangu. Jumatatu nilifika kwenye maombi nimechelewa dakika kumi, viatu vimejaa matope.