Célestin Freinet: Mwalimu aliyewashirikisha wanafunzi kupanga somo la jiografia

Katika shule nyingi mwalimu ndiye anayeamua kila kitu. Leo mito, kesho milima, na kazi ya mwanafunzi ni kunakili yaliyo ubaoni. Katika miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa kijijini nchini Ufaransa aliugeuza utaratibu huo, na baadaye ukamponza.

Célestin Freinet alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1896 katika kijiji cha Gars, kusini mashariki mwa Ufaransa. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta akisomea ualimu. Mwaka 1917 alijeruhiwa vibaya kifuani, na jeraha la pafu likamsumbua maisha yake yote. Alipoanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup mwaka 1920, hakuwa na pumzi ya kuzungumza mbele ya darasa kutwa nzima.

Basi akawatoa watoto nje. Walitembea mashambani, wakatazama wakulima na mafundi wakiwa kazini. Wakirudi darasani walichagua wenyewe lipi kati ya waliyoyaona liandikwe ubaoni na kuchunguzwe zaidi. Mwaka 1924 alipata mtambo mdogo wa kuchapia, nao watoto wakawa wanapanga herufi kwa mikono yao na kuchapa kurasa zao.

Mwaka 1926 kurasa hizo zilianza kupelekwa Trégunc, huko Brittany, upande wa pili wa nchi, kwa wanafunzi wa mwalimu René Daniel. Hapo somo la jiografia likapata uhai. Watoto wa milimani wakawa na marafiki wa pwani ya Atlantiki, kwenye wavuvi. Barua zilikuja na maswali, na ili kumjibu mwenzako ilibidi kwanza ukijue kijiji chako: watu wanalima nini, maji yanatoka wapi, barabara inakwenda wapi. Maswali ya watoto yakawa yanaongoza vipindi.

Isidhaniwe kwamba Freinet aliacha kila mtoto afanye apendavyo. Mtaala wa serikali ulibaki. Baadaye aliweka utaratibu wa mpango wa kazi wa wiki: mtoto na mwalimu walikubaliana mambo ya kusoma, na wiki ikiisha wakakagua pamoja kilichofanyika na kilichobaki.

Mwaka 1928 alihamia Saint-Paul. Huko wapinzani wake wa kisiasa walikasirishwa na maandishi ya watoto, hasa ndoto ya mtoto mmoja iliyomhusu meya. Mwishoni mwa 1932 walibandika mabango ya kumshambulia. Mwaka 1933 aliondolewa kwenye shule hiyo, akaacha kufundisha shule za serikali.

Hakukata tamaa. Mwaka 1935, pamoja na mkewe Élise, alifungua shule yao wenyewe huko Vence, ambayo pia iliwapokea watoto waliokimbia vita vya Hispania. Mwaka 1940 alikamatwa na kuwekwa kambini, na shule ikafungwa. Baada ya vita aliifungua tena, na mwaka 1957 walimu wa nchi mbalimbali waliomfuata waliunda shirikisho lao la kimataifa.

Freinet alifariki Vence tarehe 8 Oktoba 1966. Mwaka 1991 serikali ya Ufaransa, ambayo zamani ilimwondoa kwenye shule ya Saint-Paul, iliinunua shule yake na kuifanya ya umma.