William Gossage

William Gossage (1799 - 1877) alikuwa mwanakemia na mtengenezaji wa sabuni kutoka nchini Uingereza. Jina lake lilivuma Afrika Mashariki kupitia Kombe la Gossage.

Alizaliwa Lincolnshire. Mwaka 1836 alibuni mnara wa kunasa mvuke wa asidi uliotoka katika viwanda vya magadi na kuharibu mimea ya jirani. Mwaka 1855 alianza kutengeneza sabuni ya bei nafuu mjini Widnes.

Kombe hilo la mpira wa miguu hakuliona. Kampuni aliyoiacha ililitoa mwaka 1926, likashindaniwa na Kenya na Uganda. Kenya ikawa bingwa wa kwanza. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, Zanzibar baadaye. Ndiyo asili ya Kombe la Chalenji la CECAFA.