Enrico Caruso, Mwimbaji Aliyecheka kwa Machozi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo nawasimulia habari za mtu aliyecheza kwao asitunzwe, walimwengu wakamtunza. Huyo si mwingine ila Enrico Caruso, mwimbaji wa teno, yaani sauti ya juu ya wanaume.

Caruso alizaliwa tarehe 25 Februari 1873 mjini Naples, Italia, katika jamaa maskini. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, naye alitaka mwanawe ashike kazi iyo hiyo. Basi kijana akawa anatoa jasho kiwandani huku akiimba kwaya kanisani. Mama yake alifariki 1888, Caruso akiwa na miaka 15 tu. Hata mwalimu wake wa uimbaji mwanzoni hakuiona sauti yake kuwa ya maana. Lakini mvumilivu hula mbivu. Mwaka wa 1895 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa 1901 aliimba katika ukumbi wa San Carlo pale Naples, akiwa tayari ana jina. Kumbe wenyeji walimpokea kwa ubaridi! Aliumia sana, akaapa kutoimba tena mjini kwao, na kweli hakuimba. Mwaka uliofuata alirekodi nyimbo 10 mjini Milan, na santuri zikaanza kumpeleka mbali. Kuanzia 1903 akawa nguzo ya ukumbi wa Metropolitan Opera, New York.

Wimbo uliomvumisha zaidi ni Vesti la giubba, kutoka opera ya Pagliacci ya Leoncavallo. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba badala ya kusema. Hapo Canio, mchekeshaji, amegundua kuwa mkewe anampenda mwanamume mwingine. Lakini watu wamekuja kutazama, lazima ajipake poda usoni akawachekeshe.

Mjomba wangu aliniwekea rekodi ya Caruso ya 1907. Inakwaruza kama mafuta yakikaanga, na Kiitaliano sielewi hata neno. Jamani, kile kicheko chake! Kinaanza kama kicheko kisha unasikia ni kilio. Halafu sauti inapanda, inapanda, mpaka mimi nikasimama. Nilimkumbuka mama. Wiki moja baada ya kumzika ndugu yangu mdogo, alirudi sokoni kuuza nyanya, akawatania wateja kama kawaida, kwa sababu sisi tuliobaki tulihitaji kula. Siku zile nilimkasirikia moyoni. Wimbo huu ndio ulionifungua macho.

Caruso naye yalimfika ya Canio. Tarehe 11 Desemba 1920, akiimba Brooklyn, damu ilianza kumtoka kinywani. Alijifuta kwa leso moja baada ya nyingine, akaendelea kuimba mpaka sehemu ya kwanza ikaisha, onyesho likasimamishwa. Aliimba kwa mara ya mwisho mkesha wa Krismasi mwaka uo huo. Alifariki tarehe 2 Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 48, tena huko huko Naples.

Wenzangu, msimpime mtu kwa kicheko chake. Na wewe uliyeambiwa huna sauti, endelea kuja mazoezini.