Mtakatifu Fransisko wa Sales: Padre Aliyefundisha kwa Mbali



Tukiwa kwenye mafundisho ya mtandaoni huwa namkumbuka sana mtakatifu huyu. Alizaliwa mwaka 1567 huko Savoy, akasomea sheria Padua, na mwaka 1593 akapewa upadre. Baba yake alimtaka awe mwanasheria mkubwa.

Mwaka 1594 alitumwa Chablais, ambako watu wengi walikuwa Wakalvini. Alihubiri, lakini waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache mno. Basi akaanza kuandika mafundisho kwenye makaratasi, yakanakiliwa na kusambazwa, mengine yakapenyezwa chini ya milango. Asiyeweza kuja kanisani akasomea nyumbani kwake. Ndiyo maana mwaka 1923 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi na wanahabari.

Alipokuwa askofu aliendelea kufundisha kwa barua. Kutokana na barua alizomwandikia mama mmoja mwenye familia, mwaka 1609 kilitoka kitabu cha kuwaonyesha walei kwamba utakatifu si wa watawa peke yao.

Ila kinachonigusa zaidi ni habari ya Martin. Kijana huyu alikuwa kiziwi, maskini, hajui kusoma. Fikiria: karatasi zingemsaidia nini? Mahubiri je? Fransisko hakusema huyu haiwezekani. Alimchukua nyumbani kwake, akamfundisha imani kwa ishara za mikono, mpaka Martin akaungama na kupokea Komunyo. Leo Fransisko ni msimamizi wa viziwi pia.

Hapo ndipo napaona pa kujifunza. Tukituma somo la katekesi kwa video, mwenye simu kubwa na bando anafurahi. Na yule mwenye kitochi? Na kiziwi, kama video haina maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama? Njia ileile inayomfikia mmoja inaweza kumfungia mwingine mlango. Fransisko alibadilisha njia kila alipokuta mtu ameachwa nje, na pale karatasi ziliposhindwa, alikwenda mwenyewe.

Wiki hii tumtafute mmoja asiyeonekana kwenye grupu letu. Tumchapie somo, au twende tukakae naye.

Fransisko alifariki Lyon tarehe 28 Desemba 1622. Tunamkumbuka kila Januari 24.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.