Bhimrao Ambedkar: Safari Ndefu ya Mwanafunzi wa Uzamifu

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Methali hii inausadifu wasifu wa Bhimrao Ramji Ambedkar (1891–1956), ambaye wengi humkumbuka kama mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba ya India. Kabla ya kupata sifa hiyo, hata hivyo, Ambedkar alikuwa mwanafunzi wa uchumi aliyekatikiwa na ufadhili masomoni, akapoteza vitabu vyake baharini na kukataliwa tasnifu na watahini, kabla ya kutunukiwa shahada mbili za udaktari.

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 mjini Mhow, katikati ya India, katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa kuwa najisi na zisizostahili kuguswa. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Waingereza. Shuleni, mtoto huyo aliketi juu ya gunia, mbali na wenzake. Alipopata kiu hakuruhusiwa kugusa bomba wala mtungi. Ilimlazimu angoje mtu wa kumfungulia maji. Pamoja na hayo alisoma hadi akahitimu shahada ya kwanza mjini Bombay mwaka 1912, katika uchumi na siasa.

Mwaka 1913 mtawala wa Baroda alimpa ufadhili wa miaka mitatu kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko alifundishwa na mwanauchumi Edwin Seligman, bingwa wa masuala ya kodi na fedha za umma. Ambedkar hakujifungia katika uchumi pekee, bali alihudhuria pia mihadhara ya historia, sosholojia, falsafa na anthropolojia. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1915.

Tarehe 9 Mei 1916 aliwasilisha makala kuhusu asili ya matabaka ya kuzaliwa nchini India, katika semina ya mwanaanthropolojia Alexander Goldenweiser. Mpangilio wa makala hayo ungali funzo kwa kila anayejiandaa kusimama mbele ya wanasemina. Kwanza alizieleza fasili za wataalamu waliomtangulia, kisha akaonyesha upungufu wa kila mmoja, na hatimaye akajenga hoja yake mwenyewe: kwamba kiini cha tabaka ni sharti la kuoana ndani ya kundi moja. Masaibu ya utotoni mwake hakuyafanya kuwa ushahidi. Aliyeonja uchungu wa mfumo huo alichagua kuushtaki kwa hoja.

Mwaka uo huo alihamia London kusoma katika Shule ya Uchumi ya London. Mwaka 1917 ufadhili ulikoma, akalazimika kurudi nyumbani kabla ya kumaliza. Meli iliyobeba vitabu vyake ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko Baroda, alikokwenda kuutumikia utawala uliomsomesha, makarani walimrushia mafaili kutoka mbali ili wasimguse, na akafukuzwa katika nyumba ya wageni alimopanga. Usomi ulikuwa haujamvua unajisi machoni pa watu hao. Mwaka 1918 alipata kazi ya uhadhiri katika Chuo cha Sydenham, Bombay, akaweka akiba. Kwa akiba hiyo, msaada wa mtawala wa Kolhapur na mkopo wa rafiki, alirejea London mwaka 1920.

Safari hii alishinda katika maktaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza akichambua nyaraka. Alihitimu uzamili wa sayansi mwaka 1921, kisha akageukia tasnifu ya udaktari kuhusu tatizo la rupia. Mada hiyo haikuwa ya India pekee, kwani rupia ndiyo iliyotumika pia nchini Kenya hadi mwaka 1920 ilipoondolewa kupisha florini, na mwaka 1921 shilingi. Ambedkar alipinga mfumo wa kuiegemeza rupia kwenye dhahabu kupitia pauni ya Uingereza, mfumo ambao John Maynard Keynes alikuwa ameutetea. Alidai kwamba uliacha mlango wazi kwa serikali kutoa rupia nyingi kupita kiasi, bei zikapanda na maskini akaumia. Kwa hiyo alitaka utoaji wa rupia uwekewe mpaka usiovukwa.

Mapema mwaka 1923 watahini hawakuikubali tasnifu hiyo. Ulizuka uvumi kuwa iliwaudhi Waingereza kwa ukali wake. Ambedkar aliishughulikia upya, akaiwasilisha tena mwezi Agosti, nayo ikakubaliwa Novemba. Ilipochapishwa, msimamizi wake, Edwin Cannan, aliiandikia dibaji ambamo hakuficha kwamba alitofautiana na baadhi ya hoja zake, ingawa aliusifu upya wa fikra zake. Ni nadra msimamizi na mwanafunzi kutofautiana hadharani hivyo bila kuvunjiana heshima.

Kazi ya Columbia nayo haikuachwa. Utafiti wake kuhusu fedha za majimbo ya India kuanzia 1833 hadi 1921 ulichapishwa mwaka 1925, Seligman akiuandikia dibaji. Mwaka huo pia Ambedkar alitoa ushahidi kuhusu sarafu mbele ya Tume ya Kifalme, akijibu maswali ya makamishna kama mtahiniwa anavyowajibu watahini.

Columbia ilimtunuku uzamifu mwaka 1927, miaka 14 tangu alipokanyaga New York. Mwezi Machi mwaka uo huo aliongoza maelfu ya wasioguswa hadi kwenye bwawa la umma mjini Mahad, ambako walikatazwa kuteka maji, akainama akanywa. Katiba aliyosimamia uandishi wake ilipitishwa tarehe 26 Novemba 1949, na ndani yake desturi ya kutoguswa ikapigwa marufuku. Ambedkar alifariki tarehe 6 Desemba 1956 mjini Delhi. Mtoto aliyengoja kufunguliwa bomba aliacha sheria inayomruhusu kila mtoto wa India kujitekea maji mwenyewe.