Safari ya Kurudi Nyumbani: Maisha ya Denys Finch Hatton

Sisi wa Muhuta twajua maana ya kungoja. Asubuhi watu husimama ufukweni mwa Tanganyika wakihesabu mitumbwi irudiyo kutoka uvuvi wa usiku, na mmoja usipoonekana mioyo hushtuka. Leo nataka kuwapa habari za mtu wa Kenya aliyengojwa vivyo hivyo, ila yeye alikuwa akirudi kwa ndege ndogo, mali yake mwenyewe.

Denys Finch Hatton alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887, katika jamaa ya wakuu. Alisoma Eton, kisha Oxford. Alipenda michezo na muziki kuliko vitabu, na katika mtihani wa mwisho akapata daraja la nne tu. Lakini alikuwa mtu wa kupendwa na wote, mrefu, mcheshi, asiyependa kufungwa mahali pamoja.

Mwaka 1911 alifika Afrika ya Mashariki akanunua ardhi. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea alipigana huku huku Afrika ya Mashariki, akapata nishani ya ushujaa. Baadaye akashika kazi ya kuwaongoza wageni porini. Mwaka 1928, na tena mwaka 1930, alimwongoza mwana wa Mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Nane. Ingawa alikuwa mwindaji, aliwapinga vikali watu waliowapiga risasi wanyama wa Serengeti huku wameketi ndani ya motakaa.

Mwaka 1930 alinunua ndege iitwayo Gipsy Moth. Ilikuwa na injini moja na mabawa mawili kila upande, na viti viwili visivyo na paa: msafiri hukaa kiti cha mbele, rubani nyuma yake. Haikuwa na redio. Rubani aliongozwa na macho yake, akifuata reli, mito na milima. Denys alizoea kutua karibu na shamba la kahawa la rafiki yake Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, chini ya vilima vya Ngong. Akitoka mbali, mlio wa injini ndio uliokuwa hodi yake.

Mwezi wa Mei 1931 aliruka kwenda pwani, alikokuwa na nyumba huko Takaungu. Alipotua, rafadha ya ndege ikaharibika, ikabidi aletewe nyingine kutoka Nairobi. Kisha akaenda Voi kutafuta tembo kutoka angani, kwani alitaka kujua kama ndege yaweza kuwasaidia waongozaji kuyaona makundi. Alikuwa pamoja na mtumishi wake Kamau, Mkikuyu.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei waliagana na wenyeji wao wa Voi. Kutoka hapo mpaka Nairobi ni kiasi cha kilometa 330 kwa barabara; kwa ndege wangefika siku ile ile mapema. Ndege ikapaa, ikageuka, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili wakafa. Ajali haina kinga. Denys alikuwa na umri wa miaka 44.

Huko Nairobi Karen Blixen alikuwa akimngoja. Denys alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali walipopapenda wote wawili, na ndugu yake akasimamisha pale mnara wa jiwe. Mwaka 1937 Karen alitoa kitabu kilicholipeleka jina la Denys duniani kote, na mwaka 1985 ikatengenezwa sinema.

Na Kamau je? Habari zake ni chache mno, mara nyingi ni jina lake tu. Hata hivyo safari ilikuwa moja, hatari moja, na moto mmoja. Kupanda chombo kile kulitaka moyo, na yeye alipanda bila kushika usukani. Kamau naye alikuwa na kwao.

Basi, wenzangu, tumsifu rubani kwa ushujaa wake, maana astahili. Lakini kila tusimuliwapo habari za mtu mkuu na safari zake, tuulize pia ni nani aliyekaa kiti cha mbele.